Mgonjwa Mmoja, Madaftari Manne

Hapa Lubumbashi magonjwa huhesabiwa moja moja. UKIMWI una daftari lake, kifua kikuu kina lake, magonjwa ya zinaa yana lake, na kila daftari lina mfadhili wake, fomu zake, muuguzi wake na tarehe yake ya kupeleka ripoti kwenye zoni ya afya. Utaratibu huo siubezi. Bila huo tusingejua hata lini dawa zimeisha. Lakini akiingia mwanaume anayelala na wanaume wenzake, utaratibu unaanza kuvuja, kwa sababu mtu huyo hawezi kusema habari zilezile katika kila chumba. Huku anasema nusu, kule anadanganya, chumba cha tatu anakipita mlangoni. Mwisho wa mwezi madaftari yanafungwa, hesabu zinakubaliana, na hakuna hata moja lililomwona mzima.

Sisi watu wa afya ya jamii tumezoea kuuweka unyanyapaa mwishoni mwa orodha, baada ya kondomu, pombe na umaskini, kana kwamba ni hatari ya tano au ya sita. Mimi nauweka mahali pengine. Kwa mwanaume huyu unyanyapaa hukata habari kati ya chumba na chumba, na magonjwa hukutana palepale habari zilipokatika. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na virusi, kifua kikuu, kaswende na huzuni ya kumlaza kitandani, kila kimoja kikiwa na tiba inayojulikana, na bado akafa.

Ukubwa wa jambo wenyewe si siri. Makadirio ya UNAIDS yanaweka maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa Kongo chini ya asilimia 1. Kwa wanaume wanaolala na wanaume, takwimu za taifa ni karibu asilimia 7. Haut-Katanga, jimbo letu, pamoja na Lualaba na Kinshasa, ni majimbo matatu ambako mpango wa Marekani wa PEPFAR ulielekeza nguvu zake kwa miaka mingi. Mtu aliyekaa Kasumbalesa jioni moja, akaangalia foleni ya malori ya shaba na kobalti yakingoja kuingia Zambia, hahitaji kuelezwa kwa nini. Upande wa pili wa mpaka, yapata mtu mzima mmoja kati ya kila kumi ana virusi.

Kuna wanaopenda kusema kwamba ugonjwa huu uliletwa na mashoga. Historia ya mji wetu inawakatalia. Mwaka 2014 Nuno Faria na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa vinasaba vya virusi, wakaonyesha kuwa kundi lililoenea duniani kote lilianza kusambaa Kinshasa yapata mwaka 1920, na kwamba kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 lilikuwa limekwisha kufika Lubumbashi na Mbuji-Mayi. Lilisafiri kwa reli. Reli ya kutoka kusini ilikuwa imefika hapa 1910, mwaka uleule mji wetu ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville, na ile ya Ilebo ilikamilika 1928. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilikuwa ikikusanya vijana kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi, ikiwaweka kambini. Wanaume wengi, wanawake wachache, mishahara siku moja, na treni. Kirusi kilikuta kila kitu kimeandaliwa.

Mwanaanthropolojia wa tiba Merrill Singer, aliyefanya kazi na watu maskini wa Hartford huko Marekani, ndiye aliyeanza katika miaka ya 1990 kuzungumzia sindemia: magonjwa yanayokaa pamoja, yanayokuzana, na yanayolishwa na mazingira mamoja ya dhuluma. Mwaka 2003 Ron Stall na wenzake walilipeleka wazo hilo kwa wanaume wanaolala na wanaume katika miji minne ya Marekani. Waliangalia dawa za kulevya, huzuni, ukatili wa wapenzi na kudhulumiwa kingono utotoni. Kadiri mtu alivyokuwa na mengi kati ya hayo, ndivyo uwezekano wake wa kuwa na VVU ulivyopanda. Tangu hapo makala za namna hiyo zimemwagika. Alexander Tsai na Bridget Burns walizipitia mwaka 2015 na kusema kweli iliyowakera wengi: nyingi zinajumlisha tu matatizo, moja na moja ni mbili, bila kuonyesha jinsi moja linavyolizidisha lingine. Nakubaliana nao. Kujumlisha ni rahisi, na kuna hatari ndani yake, maana kunamgeuza mwanaume mzima kuwa gunia la maradhi. Wengi wa wanaume hawa katika mji wetu ni wazima, wanafanya kazi, wanalipa kodi ya nyumba, wanasomesha wadogo zao. Tukitaka kusema magonjwa yanakuzana, lazima tuonyeshe mahali yanapogusana.

Kabla ya hapo, neno kuhusu rangi. Mwaka 2016 taasisi ya CDC ya Marekani ilikadiria kwamba, kama kasi ya wakati ule ingeendelea, nusu ya wanaume weusi wanaolala na wanaume nchini humo wangegunduliwa na VVU katika maisha yao. Kwa wazungu wa kundi hilohilo, mmoja kati ya 11. Anayesoma haraka hukimbilia kulaumu tabia. Greg Millett na wenzake walikusanya tafiti nyingi na kuchapisha majibu katika The Lancet mwaka 2012: wanaume weusi hawakuwa wazembe zaidi ya wengine, si kwa kondomu, si kwa idadi ya wenzi. Walichopungukiwa ni kipato, bima, na dawa zinazofika mapema. Na kwa kuwa hutafuta wenzi ndani ya duara dogo ambamo virusi tayari ni vingi, kuteleza mara moja kunawagharimu kuliko mwingine anavyogharimika kwa kuteleza mara kumi. Lubumbashi karibu sote ni weusi, lakini hesabu ni ileile: duara dogo, dawa iliyochelewa. Hata wazo kwamba mwili mweusi ndio ghala la maradhi tunalijua tangu zamani. Wabelgiji waliutenga mji wa wazungu na cité ya Waafrika kwa ukanda mtupu wa ardhi, wakitoa hoja za afya.

Sasa tuje kwenye mgusano wenyewe. Tuseme kuna kijana wa miaka 27, fundi wa simu, anakaa mtaa wa Katuba. Nimemuunda kutokana na wengi, kwa hiyo asitafutwe. Dawa zake za ARV anazichukua mtaa mwingine, Kampemba, ambako hakuna anayemjua, kwa jina la babu yake. Anapewa kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Ni dawa nzuri, na mwaka wa kwanza virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo. Kisha anaanza kukohoa, anatoka jasho usiku. Kwa kuwa hana nguvu ya kupanda gari mbili, anakwenda kituo cha karibu na kwao. Makohozi yanapimwa, kifua kikuu kinaonekana, anaanzishiwa dawa zenye rifampicin. Muuguzi anamshauri apime na VVU, kama mwongozo unavyotaka. Anakataa, kwa sababu fundi wa maabara anaimba kwaya moja na mama yake.

Rifampicin hulifanya ini livunje dolutegravir haraka kuliko kawaida. Suluhisho lake limejulikana kwa miaka kadhaa: mgonjwa anaongezewa miligramu 50 za dolutegravir saa 12 baada ya kile kidonge cha kwanza, basi. Ni kidonge cha bei ndogo. Lakini Kampemba hawajui kwamba anameza rifampicin, na Katuba hawajui kwamba anameza dolutegravir. Kiwango cha dawa kinashuka mwilini, virusi vinarudi, na vikirudi hivyo vinaweza kurudi vimejifunza kuikwepa dawa. Muuguzi wa Kampemba hakukosea. Wa Katuba hakukosea. Ukikagua madaftari yao utawapa alama nzuri wote wawili.

Ongeza hapo lutuku, pombe yetu ya kienyeji. Kijana wetu anakunywa, na si kwa starehe ya nganda tu, bia mbili tatu za Simba na rafiki. Anakunywa peke yake, usiku, kinywaji cha bei ya chini kabisa. Isoniazid, dawa nyingine ya kifua kikuu, inalichosha ini. Pombe inalichosha zaidi. Na kama alizaliwa kabla watoto wachanga hawajaanza kuchanjwa homa ya ini B, kuna uwezekano kwamba anayo, kama ilivyo kwa baadhi ya Wakongo wa umri wake. Tenofovir iliyomo kwenye ARV huituliza homa hiyo. Siku atakapoambiwa na mchungaji afunge siku arobaini na kuachana na vidonge, virusi vya ini vinaweza kulipuka kabla hata vya UKIMWI havijajiandaa. Nawajua wenzangu wanaowalaumu wachungaji peke yao kwa vifo vya namna hii. Lakini mchungaji ndiye mtu pekee mjini aliyempa kijana huyu saa nzima ya kumsikiliza.

Daftari la magonjwa ya zinaa lina kasoro yake. Vituo vyetu vingi havina maabara ya kutosha, kwa hiyo hutibu kwa dalili: usaha ukitoka mbele, tiba hii, kidonda, tiba ile. Kwa mwanaume mwenye mke na nyumba ndogo mbinu hiyo inatosha mara nyingi. Kisonono na klamidia za njia ya nyuma, hata hivyo, mara nyingi hazina dalili. Hakuna usaha wa kuonyesha, hakuna maumivu ya kulalamikia. Ugonjwa upo, unawasha sehemu, unafungua njia kwa VVU, na mchoro wa tiba ukutani hauna hata mshale unaoelekea huko. Kidonda cha kaswende kilichojificha hivyo hupona chenyewe juu juu, mgonjwa akashukuru Mungu, na bakteria wakaendelea na safari yao ndani.

Hata yule mwenye dalili anakwama mwishoni mwa mazungumzo. Daftari lina safu ya mwenzi, na muuguzi ameshakwisha kuijaza kichwani mwake kabla mgonjwa hajafungua mdomo. "Papa, siku ingine utakuya na bibi." Naye anajibu, "Ndiyo, mama." Anapewa dozi mbili, yake na ya bibi. Wapo wanaompelekea mke dozi hiyo wakimwambia ni dawa ya minyoo. Wapo wanaoitupa mferejini wakitoka. Yule mwanaume mwingine, ambaye ndiye hasa aliyehitaji dozi ile, hakuandikwa popote, na baada ya mwezi mmoja ugonjwa unarudi kwa mwenyewe. Hapo muuguzi anaandika kwamba mgonjwa hafuati masharti.

Mpox imetufundisha jambo hili kwa nguvu zaidi, na somo lenyewe ni la kwetu. Mgonjwa wa kwanza wa binadamu alitambuliwa hapa Kongo, Basankusu, mwaka 1970. Kwa nusu karne ulimwengu uliuona kuwa ugonjwa wa msituni, wa watoto na nyama ya porini. Mwaka 2022 ukaenea Ulaya na Marekani, hasa miongoni mwa wanaume wanaolala na wanaume, na ghafla chanjo zikapatikana huko. Machi 2023 mwanaume mkazi wa Ubelgiji aliwasili nchini na kuugua Kenge, jimbo la Kwango. Novemba mwaka huo WHO iliripoti kuwa ni mara ya kwanza kwa mpox ya kundi la I kuthibitishwa ikipita kwa ngono. Baadhi ya waliolala naye walipimwa wakakutwa nayo pia. Watu waliisoma taarifa hiyo kwa vidole vya lawama: mgeni, shoga, Ulaya. Mimi naona kitu kingine ndani yake. Walioambukizwa walipatikana kwa sababu mgonjwa alisema. Angenyamaza, Kenge ingebaki na vipele visivyo na historia. Miezi michache baada ya Kenge, Septemba 2023, mlipuko mwingine ulianza Kamituga, Kivu Kusini, katika mji wa wachimba dhahabu na wanawake wanaouza ngono, na safari hiyo lawama ikahamia kwa wanawake. Agosti 14, 2024 WHO ilitangaza dharura ya kimataifa.

Na hapa magonjwa yanagusana kwa namna isiyo na ubishi. Mwaka 2023 The Lancet ilichapisha takwimu za wagonjwa 382 wa mpox wenye VVU ambao kinga zao zilikuwa zimeshuka, kutoka nchi mbalimbali. Waliofariki wote walikuwa na seli za CD4 chini ya 200. Yaani mpox haikuua yeyote katika kundi lile ambaye kinga yake ilikuwa juu ya kiwango hicho. Kilichoua ni mpox ikimkuta mtu ambaye VVU vyake vilikuwa vimeachwa muda mrefu. Ukiuliza kwa nini viliachwa, unarudi kwa yule fundi wa simu wa Katuba na jina la babu.

Daftari la nne halina jina la mwanaume kabisa. Ni la wajawazito, lile la CPN. Wengi wa wanaume ninaowazungumzia wana wake. Wengine wanawapenda kweli, na wanapenda wanaume pia. Wengine walioa kwa sababu mjomba alikuwa amekwisha kupeleka mahari, na mwanaume wa miaka 30 asiye na bibi huanza kuulizwa maswali pale nyumbani kila Jumapili. Mke akipata mimba anapelekwa kliniki, na pale wajawazito hupimwa VVU. Kwa hiyo nyumba nyingi hujua habari zake kupitia mwanamke. Yeye ndiye wa kwanza kupimwa, basi yeye ndiye wa kwanza kuhukumiwa: ameileta wapi? Mama mkwe anafika na mifuko yake. Mume anakaa kimya kwenye kiti, akijua, au akishuku, na hawezi kumtetea bila kujifunua. Nimesikia wanaharakati wakisema habari za wake hawa zinachafua mapambano, zinawapa maadui silaha. Sikubali. Mwanamke aliyefukuzwa na watoto kwa ugonjwa ambao hakuuleta ameumizwa na aibu ileile iliyomfunga mdomo mumewe, na programu isiyomhesabu haijui inachotibu.

Takwimu za pwani ya Kenya zinasaidia hapa, maana wenzetu walianza kupima mapema. Utafiti wa Eduard Sanders na wenzake Mombasa, uliochapishwa 2007, ulikuta VVU kwa asilimia 43 ya wanaume waliolala na wanaume tu, na asilimia 12.3 ya waliolala na wanaume na wanawake. Asilimia 12 ni ndogo ukiiweka kando ya 43. Ukiiweka kando ya kitanda cha ndoa si ndogo hata kidogo. Baadaye, mwaka 2018, uchunguzi wa wanaume 1,476 wa pwani, Kisumu na Nairobi ulionyesha kuwa asilimia 31 walikuwa na dalili za huzuni ya kiwango cha kati au kikali, na asilimia 44 walikunywa pombe kwa kiasi cha hatari. Kazi hiyo haikuwa rahisi. Februari 2010 umati ulivamia kituo cha utafiti cha KEMRI cha Mtwapa kwa uvumi wa harusi ya mashoga. Kituo kiliendelea. Wauguzi walifunzwa upya, na watafiti wakakaa na maimamu na wachungaji wakazungumza.

Kwetu huzuni haina daftari. Mji una kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, lakini anayekwenda huko ni yule ambaye familia imekwisha kumwona anaongea peke yake barabarani. Yule anayeamka, anakwenda kazini, anarudi, anakunywa, anasahau kidonge mara tatu kwa wiki, huyo haonekani na mfumo wowote. Kusahau kwake kutaandikwa kwenye daftari la ARV kama uzembe.

Sheria nayo inachangia, kwa njia ya pembeni. Kongo haina kifungu kinachotaja ngono ya jinsia moja kuwa kosa. Miswada ililetwa bungeni mwaka 2010 na tena 2013, yote haikupita. Kilichopo ni kifungu cha 176 cha kanuni ya adhabu, kuhusu kuvunja maadili mema hadharani, katika kanuni iliyotoka kwenye dikrii ya Wabelgiji ya 1940. Kifungu hicho kinafaa zaidi mkononi mwa polisi kuliko mbele ya hakimu. Kijana anaitwa kwa ujumbe wa WhatsApp na mtu anayejifanya mpenzi, anafika, anakuta watu wawili wenye kitambulisho, simu yake inafunguliwa, na bei inatajwa. Kesi haifiki popote kwa sababu haikukusudiwa kufika. Pesa ya mwezi imekwenda, na pamoja nayo nauli ya Kampemba.

Kisha mwaka 2024 waziri wa sheria wa wakati ule, Constant Mutamba, aliwaelekeza waendesha mashtaka wawafungulie kesi wanaotuhumiwa kwa ushoga. Serikali hiyohiyo, kupitia programu zake za UKIMWI, inawataja wanaume hawa katika mipango yake kama kundi la kufikiwa kwanza. Na sheria ya 2008 ya kulinda haki za wenye VVU, iliyorekebishwa 2018, inakataza kubaguliwa kwa mgonjwa. Mkono mmoja unaita, mwingine unafukuza. Athari ya jambo kama hili imepimwa kwingine. Nigeria ilipopitisha sheria yake dhidi ya mashoga Januari 2014, watafiti walikuwa tayari wanawafuatilia wanaume mjini Abuja. Mara baada ya sheria kusainiwa, waliosema wanaogopa kwenda kutibiwa waliongezeka. Hawakungoja mtu akamatwe. Tanzania ilisimamisha huduma za VVU kwa wanaume kama hawa katika vituo 40 hivi mwaka 2017, na Uganda ikatunga sheria yake 2023, na kila mara habari hizo zilifika Lubumbashi kwa simu siku hiyohiyo.

Pigo la 2025 lilitoka upande usiotarajiwa. Januari 20 rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje. Ruhusa iliyofuata mwanzoni mwa Februari iliruhusu ARV ziendelee, na dawa za kinga za PrEP zikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Wanaume wanaolala na wanaume hawakuwamo. Waelimishaji rika, vijana waliokuwa wakilipwa kidogo kuwasindikiza wenzao, hawakuwamo pia. Magazeti yaliandika kuhusu vidonge. Mimi niliwafikiria hao vijana, kwa sababu wao ndio walikuwa wakibeba habari kati ya chumba na chumba. Mwelimishaji rika angejua kwamba fundi wa simu wa Katuba anameza ARV Kampemba. Angemwambia muuguzi mmoja, kwa ridhaa yake, neno moja, na kile kidonge cha pili kingetolewa. Katika bajeti nzima ya UKIMWI hakukuwa na kitu cha bei ndogo kuliko miguu yao.

Hata hivyo sitaki tuombolee kupita kiasi vile vituo maalumu ambavyo wafadhili waliwafungulia wanaume hawa. Vilihudumia watu kwa heshima ambayo hawakuipata kwingine. Lakini lango lake lilijulikana, na aliyeonekana akiingia alikuwa amekwisha kujitangaza. Mwanaume mwenye bibi hakukaribia. Na kwa kuwa kila kitu kilikuwa na nembo ya mfadhili wa nje, wale wanaosema ushoga ni biashara ya wazungu walipata picha ya kuonyesha. Tulijenga chumba kingine, na daftari lingine, tulipotakiwa kuyaunganisha yale yaliyokuwepo.

Kuyaunganisha kunaanza na swali. Muuguzi anayeuliza "wenzi wako" badala ya "bibi yako", na anayeuliza hivyo kwa kila mwanaume, mchungaji na dereva wa lori na mwanafunzi wa chuo kikuu, hajamtangaza yeyote. Hakuna sheria anayovunja, na hakuna mfadhili anayehitajika. Anayepata dawa ya kifua kikuu aulizwe kwa utulivu dawa zote anazomeza, popote anapozichukua, kwa jina lolote. Chanjo ya homa ya ini B kwa watu wazima itolewe katika kliniki za magonjwa ya zinaa. Mafunzo ya wauguzi yaoneshe jinsi ya kumchunguza mwanaume nyuma bila kicheko na bila mahubiri, kama tunavyomchunguza mwanamke. Nakiri kwamba vituo vingine havina hata chumba chenye mlango unaofungika, na huko mlango uje kwanza.

Na upande wa pili wa Kasumbalesa kuna jambo jipya. Mwishoni mwa 2025 Zambia ilikuwa miongoni mwa nchi mbili za kwanza Afrika, pamoja na Eswatini, kupokea lenacapavir, sindano ya kinga inayodungwa mara mbili kwa mwaka. Kwa mwanaume anayeishi nyumba ya watu wanane, ambako chupa ya vidonge inayolia mfukoni ni swali, sindano ambayo haiachi kitu nyumbani ni ukombozi mkubwa. Lakini Zambia ina kifungu cha 155, chenye kifungo cha kuanzia miaka 15 hadi maisha, na dereva wa Lubumbashi anayevuka kutafuta sindano hiyo atalazimika kueleza kwa nini anaihitaji. Itakapofika kwetu pia, atakayeshika bomba ataanza na swali. Wauguzi wanaofunzwa sasa katika shule za mji huu ndio watakaoliuliza, na mtaala wao bado una safu moja tu ya mwenzi.